Robert Chambers na Mkulima wa Mwisho: Kusikilizwa Bado Si Kuongoza

Kitabu cha Robert Chambers kiitwacho Rural Development: Putting the Last First kilitoka mwaka 1983, na zaidi ya miaka arobaini baadaye bado ni miongoni mwa vitabu vya kwanza wanavyokabidhiwa vijana wetu wanaokuja huku kusomea maendeleo ya vijijini. Hapa Minneapolis na Saint Paul nawaona: Mtanzania, Mkenya, Mganda, kafika na masanduku yake mawili na nia ya kujenga maisha yake ya kitaaluma juu ya utafiti wa kilimo unaoongozwa na wakulima wenyewe. Nia nzuri. Anapewa Chambers, anakimaliza kwa siku mbili, anarudi macho yanang'aa. Nami nimekisoma upya majira haya ya baridi, safari hii polepole na penseli mkononi, nikitaka kujua hasa tunawapa nini vijana hawa. Jawabu langu nilitoe mapema ili asiye na muda aishie hapa: tunawapa kitabu bora sana kuhusu tabia ya mtafiti, na kitabu chembamba mno kuhusu mahali ambapo mkulima anapata nguvu ya kumwongoza mtafiti huyo. Ni mambo mawili tofauti, ila kitabu kimeyashona pamoja kana kwamba ni kitambaa kimoja.

Kwanza tumpe haki yake. Chambers hakuiotea Afrika akiwa kaketi Sussex. Alikuwa afisa wa utawala wa kikoloni Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, baadaye akafundisha maofisa wa serikali pale Kabete, akaandika kitabu juu ya skimu za makazi ya wakulima (1969), na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa watafiti waliofuatilia ule Mpango Maalumu wa Maendeleo Vijijini wa serikali ya Kenya, uliojaribiwa katika maeneo sita: Kwale, Mbere, Migori, Tetu, Vihiga na Kapenguria. Hata pale anapoandika kuhusu India, anayezijua nchi zetu anasikia vumbi la Kenya chini ya sentensi zake.

Sehemu ya kitabu ambayo haijazeeka ni ile anayoeleza jinsi mgeni wa kutoka mjini anavyokwenda kijijini na kurudi bila kumwona maskini. Anataja upofu wa aina sita. Mgeni hufuata barabara ya lami, na maskini hakai kando ya lami. Hupelekwa penye mradi. Huongea na wanaume, viongozi, wenye kujua kusema. Huja kiangazi. Huona haya kuuliza mambo ya aibu. Na huona kile tu ambacho taaluma yake imemfundisha kuona. Nani kati yetu hajawahi kuliona gari la mradi likiingia kijijini saa nne asubuhi, mwenyekiti ameshapiga pasi shati, na saa nane limeshaondoka?

Hapo kwenye kiangazi nataka nikae kidogo, maana ndipo kitabu kinapotugusa sisi tulio huku kuliko hata alivyokusudia mwandishi. Chambers anasema njaa, malaria na kazi nzito ya palizi huja pamoja wakati wa mvua, na wakati huo ndio barabara hazipitiki, kwa hiyo mgeni haji. Sasa angalieni kalenda ya vyuo vya Marekani. Likizo ndefu, ambayo ndiyo mwanafunzi anapewa tiketi na fedha za kwenda nyumbani kukusanya takwimu, ni Juni hadi Agosti. Kwa nusu ya kusini ya Tanzania hicho ni kiangazi kitupu. Chukueni mfano wa ngoro za Wamatengo kule Mbinga. Mkulima hukata nyasi zilizokua na mvua, huzilaza kwa mistari inayokatana kama miraba juu ya mteremko mkali, kisha huchimba udongo wa katikati na kuufunika juu ya nyasi zile. Mlima unabaki umejaa vishimo vinavyoshika maji yasishuke na udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Kazi hiyo hufanyika mvua zinapokaribia kwisha, kuanzia Februari hivi. Mwanafunzi wa Saint Paul anafika Julai, maharage yanavunwa au yameshavunwa. Ataandika tasnifu nzima ya ngoro bila kuona ngoro hata moja ikichimbwa, na hakuna atakayemkatalia. Huo si upofu wa tabia. Ni ratiba ya malipo ya karo.

Tetu nayo isomwe pamoja na kitabu hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la watafiti, Ascroft, Röling, Kariuki na Chege, walikataa desturi ya mabwana shamba ya kuwafuata wakulima wachache wanaoitwa wa mfano. Wakawachukua wale waliosahauliwa, ambao hawakuwa wamepanda mahindi ya chotara, wakawapa mafunzo mafupi na mkopo wa pembejeo. Wakapanda. Basi ile hadithi ya mkulima mgumu asiyetaka kubadilika ikabaki haina mwenyewe. Chambers alilijua jaribio hilo vizuri na limo katika mfupa wa hoja yake.

Hata hivyo ugomvi wangu unaanzia palepale Kenya, tena katika kazi yake mwenyewe. Mwaka 1973 Chambers na Jon Moris walihariri kitabu kikubwa juu ya skimu ya mpunga ya Mwea. Skimu ile ilichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau, na baada ya uhuru ikawa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Mkulima alikuwa mpangaji. Alipewa ekari nne za mpunga, bodi ikamlimia, ikampa mbegu na mbolea, ikachukua mpunga wote, ikakata gharama zake, halafu ndipo ikampa kilichobaki. Akikiuka masharti angeweza kufukuzwa shambani. Wakati ule Mwea ilisifiwa kote kama mfano wa skimu iliyofaulu.

Humo kitabuni mna sura ambayo kwangu inazidi nyingine zote, ya Jane Hanger na Moris, kuhusu wanawake na uchumi wa nyumba. Walionyesha kitu ambacho hesabu za bodi hazikukiona: mwanamke alifanya kazi kubwa kwenye mpunga, fedha zikalipwa kwa mume, shamba la chakula likawa dogo, hata kuni ikabidi zinunuliwe. Wanawake wa Mwea, kwa maneno mengine, walikuwa tayari wameshaifanyia skimu tathmini yao, na tathmini hiyo ilikuwa imeshaandikwa na kuchapishwa. Je, nini kilifuata? Hakuna. Walisikilizwa, wakaandikwa, maisha yakaendelea vilevile.

Kilichobadilisha Mwea kilikuja robo karne baadaye. Mwaka 1998 wakulima, wakiwa nyuma ya chama chao cha ushirika, walikataa kuipelekea bodi mpunga wao. Wakauza wenyewe. Kulikuwa na vurugu na polisi, na kwa miaka kadhaa wakulima ndio walioendesha mambo, pamoja na matatizo yake, maana kugawa maji kwa haki kati ya watu wa juu na watu wa chini wa mfereji si kazi nyepesi. Bodi iliporudi, ilirudi kwa makubaliano: yenyewe mifereji mikubwa, vyama vya watumia maji mifereji midogo, na mpunga wa mkulima ni wa mkulima. Hakuna mtafiti aliyewakalisha chini ya mti wachore ramani. Walikuwa na ushirika, walikuwa na mchele unaotakiwa Nairobi, na walikuwa wamechoka.

Mwenzangu mmoja huwa ananiambia hii si haki, kwamba kitabu cha 1983 hakiwezi kulaumiwa kwa mambo ya 1998. Simlaumu kwa kutotabiri. Namlaumu kwa jambo lililokuwa mbele ya macho yake tangu 1973. Alikuwa na ushahidi kwamba sauti ya mkulima inaweza kunaswa vizuri kabisa na bado isibadilishe kitu, kwa sababu anayepokea sauti hiyo halazimiki kufanya lolote. Badala ya kuuliza nini kingeilazimisha bodi, kitabu kinageuka na kumhubiria mtaalamu: ashuke, anyenyekee, akae chini, ajifunze. Kitabu chake cha 1997, Whose Reality Counts?, kinakwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Jina lake dogo linageuza lile la kwanza na kusema wa kwanza awekwe mwisho. Lakini nani amweke mwisho? Ajiweke mwenyewe, tena kwa hiari. Tangu lini mwenye cheo akajishusha kwa hiari kisha akabaki huko chini mwaka mzima?

Kuna njia nyingine ya kitaaluma iliyoanzia kwetu na ambayo vijana hawaijui kabisa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilizalisha mbegu za pamba zenye herufi UK mbele ya namba zake, na kikatoa ushauri: panda pamba mapema, peke yake, kwa mistari. Wasukuma wakapanda chakula kwanza, pamba baadaye, na mara nyingi wakachanganya mazao. Kituoni jambo hilo lilionekana kuwa ukaidi. Michael Collinson, mchumi wa kilimo aliyefanya kazi huko miaka ya 1960, alifanya jambo dogo: alihesabu siku za kazi. Akaona kwamba mvua zinapoanza nguvukazi ya familia ndiyo haba kuliko ardhi, na kwamba mtu anayeanza na pamba anakamari na chakula cha watoto. Ushauri wa kituo ulikuwa sahihi kwa ekari moja ya pamba na mbovu kwa familia. Kitabu chake cha 1972 na kazi zake za baadaye akiwa Nairobi vilisaidia kuzaa tawi zima la utafiti wa mifumo ya kilimo, lililosambaa hadi Asia na Amerika ya Kusini. Namheshimu Collinson kuliko Chambers, nakiri upendeleo huo. Hakuhubiri. Alihesabu. Na hesabu ina faida moja juu ya unyenyekevu: mwingine anaweza kuirudia na kuikosoa.

Na bado swali linabaki palepale. Collinson alipoonyesha kwamba Msukuma ana sababu, ni nani aliyelazimika kubadili ushauri wa kituo? Hakuna mkulima aliyekuwa na kura pale Ukiriguru.

Sasa nije huku tuliko. Kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Minnesota iko upande wa Saint Paul, na majengo mawili ya pale yana majina ambayo kila mwanafunzi wa kilimo anapaswa kuyajua. Moja ni la Norman Borlaug, aliyesoma hapa, akapata udaktari wake 1942 na Tuzo ya Nobel ya Amani 1970 kwa ajili ya ngano fupi ya mapinduzi ya kijani. Jingine ni la Vernon Ruttan, mchumi aliyefundisha hapa miaka mingi, akafariki 2008. Borlaug tunamjua Tanzania hata kwa mikono yetu: mpango wa Sasakawa Global 2000, aliousimamia kitaalamu, ulifika kwetu 1989 na mashamba yake makubwa ya maonyesho ya mahindi, mbegu na mbolea ya chumvichumvi. Pale mkulima alijaribu kile ambacho kilikuwa kimeshaamuliwa. Matokeo ya mahindi yalikuwa mazuri, sitaki kuyadharau. Ila neno jaribio pale lilikuwa na maana ya pekee.

Ruttan ndiye anayenivutia. Mwaka 1971, pamoja na Yujiro Hayami, alichapisha kitabu kilichodai kwamba teknolojia ya kilimo hufuata uhaba. Japani ardhi ilikuwa haba, wakatafuta mbegu na mbolea za kuongeza mavuno kwa eneo dogo. Marekani watu walikuwa wachache, wakatafuta mashine. Watu wengi huishia hapo na kusema ni nadharia ya bei. Lakini waandishi wanaeleza pia njia inayopitisha uhaba huo kutoka shambani hadi maabara: mkulima humsukuma mtafiti, na msukumo huo hufanya kazi vizuri pale wakulima wanapokuwa na vyama vyenye nguvu za kisiasa. Sentensi chache tu katika kitabu kinene, katikati ya milinganyo. Kwangu zina uzito kuliko sura nzima za unyenyekevu.

Na Ruttan alihitaji tu kuchungulia dirishani. Oliver Kelley, mwasisi mkuu wa chama cha wakulima cha Grange kilichoundwa 1867, alikuwa na shamba Elk River, kaskazini mwa Minneapolis. Mwaka 1921 vyama vya ushirika vya maziwa vya Minnesota viliungana hapa Saint Paul, na muungano huo ndio leo unaoitwa Land O'Lakes. Mkulima wa soya wa Minnesota akiuza zao lake, nusu asilimia ya bei inakatwa palepale kwa ajili ya utafiti na soko, utaratibu wa nchi nzima tangu 1991, na nusu ya makato hayo inabaki jimboni mikononi mwa baraza la wakulima waliochaguliwa na wenzao. Profesa anayetaka fedha hizo anaandika andiko, anakwenda kuwaeleza wakulima atafanya nini, na wao wanasema ndiyo au hapana. Mwakani anarudi kueleza alichopata.

Ndugu zangu, katika miaka yote niliyokaa hapa sijaona mkulima wa soya wa Minnesota akiombwa achore ramani ya shamba lake chini kwa vijiti na punje za maharage. Hajawahi kuitwa mshiriki wala mdau. Hakuna semina ya kumfundisha profesa wake jinsi ya kukaa kwenye kigoda kifupi kumzidi yeye. Profesa anamsikiliza kwa sababu asipomsikiliza maabara itafungwa. Mkono mtupu haulambwi.

Nisieleweke vibaya, Minnesota si peponi. Jim Hightower alishaandika mapema miaka ya 1970 jinsi vyuo vya kilimo vya Marekani vilivyotumikia makampuni na mashamba makubwa na kuwaacha wadogo, na makato kwa kila gunia maana yake ni kwamba mwenye magunia mengi ana sauti kubwa. Wahmong waliokuja hapa kama wakimbizi baada ya 1975, ambao mboga zao ndizo zilizojaza soko la wakulima la Saint Paul, walihangaika miaka na miaka na mashamba ya kukodi ya mwaka mmoja mmoja, mpaka walipounda chama chao 2011 na kupata shamba la ekari 155 kusini mwa jiji. Akina mama wetu wa Kikenya wa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani, wengi wao Wakisii, wanalima chinsaga na managu kwenye vipande vya kuazima. Kuna mmoja ameniambia kwamba mbegu ya chinsaga ya mwaka huuhuu haioti vizuri, lazima ilale kwanza, na kwamba akiipanda nje kabla udongo haujapata joto anaipoteza yote. Kwa hiyo anaotesha ndani, kisha anatandika plastiki nyeusi. Miezi isiyo na barafu hapa ni kama mitano tu, na yeye ameshapanga zamu zake tatu za kupanda ndani ya miezi hiyo. Huo ni utafiti, una majaribio, una kushindwa, una kurudia. Hauna daftari wala bajeti, na mwaka akihamishwa kwenye kipande kile unaondoka naye.

Hapo tunafika kwenye suala la jina, ambalo Chambers hakuligusa na ambalo linanikera zaidi kila mwaka. Kamati za maadili za vyuo vya huku zinataka mtu anayehojiwa afichwe jina. Sababu ni nzuri, ililetwa na uovu wa kweli waliofanyiwa wagonjwa na wafungwa. Lakini mkulima aliyebuni kitu si mgonjwa. Akifichwa jina, ugunduzi unabaki na jina moja tu, la mwandishi. Kule Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, kituo cha Rubona kiliwaita wanawake mabingwa wa maharage waje wachague wenyewe kati ya mbegu zilizokuwa zikijaribiwa kituoni, na walizochagua zikafanya vizuri mashambani kwao kuliko mchanganyiko wao wa zamani. Makala yake ya 1993 inanukuliwa duniani kote, na inastahili. Wanawake wale kwa msomaji ni wataalamu wa kienyeji, basi. Ngoro nazo zina fasihi nzima ya Kiingereza na ya Kijapani, kazi nzuri ya wenzetu wa Sokoine na Kyoto. Ngitili za Wasukuma vilevile: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zibaki kwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulikuwa na akili ya kujenga juu ya desturi hiyo badala ya kuleta miche ya kigeni peke yake, na 2002 ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Neno ngitili limesafiri hadi kwenye ripoti za Washington. Neno limepata viza, wenye neno hawakupata.

Na lugha. Utafiti huu unaoitwa wa mkulima unaulizwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, unaandikwa kwa Kiingereza, na haurudi. Msiniambie Kiswahili hakina maneno. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya redio Tanzania nzima, na 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Shamba darasa tumelipa jina zuri kuliko wenyewe waliolibuni. Jarida la Mkulima Mbunifu la Arusha linaandika mambo ya mboji na viuatilifu vya mimea kwa Kiswahili ambacho bibi yangu angekielewa. Anayeandika tasnifu kuhusu ngoro anaweza kabisa kuandika kurasa thelathini za Kiswahili zikapelekwa Mbinga zikapingwa. Nasema zikapingwa makusudi. Mkulima asiyeweza kusoma ulichomwandika hawezi kusema umekosea, na utafiti usioweza kuambiwa umekosea na mwenye shamba sijui unaongozwaje naye.

Nyumbani tuna mifano miwili inayoikosoa hoja ya Chambers vizuri zaidi yangu. MVIWATA iliundwa 1993 na wakulima wachache waliokutana Morogoro kwa msaada wa watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na kaulimbiu yake, kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, haimwachii mtaalamu nafasi ya kujinyenyekeza. Inamwambia tu asubiri aitwe. Udhaifu wake unajulikana: sehemu kubwa ya fedha zake imetoka kwa wafadhili wa nje, na anayetegemea mfadhili hawezi kumfukuza mtafiti aliyeletwa na mfadhili huyohuyo. Mfano wa pili ni Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi 2001 pale Lyamungo ikichukua vituo vilivyokuwa vya serikali. Iliundwa kama taasisi ya wadau wa zao, na sehemu ya fedha zake ilipangwa itokane na makato ya mauzo ya kahawa. Ikatoa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Wakulima wa Kilimanjaro na Mbinga wamelalamika sana kwamba miche haitoshi, na malalamiko hayo nayaona tofauti na yale ya wanawake wa Mwea, kwa sababu mlalamikaji wa kahawa amelipia. Anaweza kuuliza makato yangu yamekwenda wapi.

Upande mwingine kuna ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioletwa katika halmashauri zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili vijiji vipange vyenyewe. Huyo ni mtoto halali wa Chambers: ramani, kalenda za misimu, makundi ya wanawake na vijana, karatasi kubwa ukutani. Vijiji vilipanga. Fedha zilikuwa zimeshapangwa kwingine. Watu wakajifunza kutaja zahanati na madarasa, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa na mafungu.

Basi kijana akija na Chambers mkononi, simnyang'anyi. Namwongezea sura ya Hanger na Moris, Collinson wa 1972, na zile kurasa chache za Hayami na Ruttan kuhusu vyama vya wakulima. Halafu namuuliza maswali ambayo hayamo katika fomu ya chuo. Daftari la majaribio litabaki kwa nani ukiondoka? Mkulima atakayetaka jina lake liandikwe, umemuuliza? Kuna chama chochote kule, cha mazao, cha maji, cha akiba na mikopo, ambacho kinaweza kukuambia funga virago? Wa mwaka huu, anayekwenda Mbinga, alijibu mawili ya kwanza bila taabu. La tatu limemfanya abadili kijiji, na sasa anabishana na msimamizi wake kuhusu kusafiri Februari badala ya Juni, jambo ambalo litamgharimu muhula mzima na nusu ya posho yake. Msimamizi bado hajakubali.